Sawa Bado Si Zaidi

Kuna harufu ambayo ikinifikia popote nilipo hunisimamisha. Ni harufu ya maziwa ya mama yaliyomwagikia leso yakakaukia hapo, ikachanganyika na joto la utosi wa mtoto mchanga. Juzi nilikwenda Nyanchwa kumwona mwalimu mwenzangu aliyejifungua. Alinipakatisha binti yake, na kabla hata sijamtazama uso, harufu ile ikanipanda puani nikafumba macho. Mwenzangu akaniuliza kama mtoto amenilemea. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka nyanya yangu. Chai ilikuwa bado jikoni, kwa hiyo nikamsimulia. Nanyi nawasimulia vilevile, maana tangu siku hiyo kisa hiki hakijataka kurudi kilikotoka.

Nilikuwa darasa la tatu. Shule yetu ilikaa mgongoni mwa kilima, si mbali na soko la Nyaramba, chai upande huu na migomba upande ule. Asubuhi ukungu ulikuwa ukiingia darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo na kuketi nasi kama mwanafunzi mgeni. Mwalimu Moraa, aliyetufundisha hesabu, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kwaya, na hakuamini kwamba mtoto anaweza kuelewa kitu ambacho hajakiona kwa macho. Kwa hiyo siku ya kutufundisha alama ya "kubwa kuliko" alikuja na mkebe wa nafaka ya wimbi. Akamwaga mafungu mawili juu ya dawati la mbele, moja kubwa, moja dogo. Kisha akashika vijiti viwili vya mchai, akavikutanisha ncha na kuviachanisha upande wa pili.

"Huu ni mdomo wa kifaranga," akasema. "Kifaranga hana adabu ya mezani. Ataufungua upande gani?"

"Upande wa wimbi nyingi," tukajibu.

"Basi. Mdomo unafunguka kwa kikubwa, ncha inachoma kidogo. Ukikumbuka hivyo hutapotea."

Nilipenda alama ile kupita kiasi. Namba zilikuwa na tabia ya kunitoroka, lakini mdomo wa kifaranga niliuelewa mara moja. Nilianza kuuchora kila mahali. Niliuchora kwa mkaa ukutani mwa jiko, kati ya sufuria kubwa na ndogo. Niliuchora kwa kidole kwenye vumbi, kati ya nyayo za baba na zangu. Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikisii, aliniuliza ni kitu gani hiki kinachofanana na kiwiko kilichovunjika. Nikamwambia ni hesabu. Akasema katika siku zao hesabu haikuwa na viwiko.

Magokoro Bosibori alikuwa mama mzazi wa baba. Aliishi katika nyumba yake ndogo chini ya kwetu, na ugomvi wake mkubwa hapa duniani ulikuwa na mizani. Maisha yake yote alichuma chai, na maisha yake yote karani wa kituo cha majani alimpunguzia uzito: leo kwa sababu majani yana umande, kesho kwa sababu gunia nalo lina uzito wake. "Mizani haina macho," alikuwa akisema. "Inaona vile aliyeishika anavyotaka." Tulizoea kumcheka, na yeye alizoea kuchekwa.

Muhula huo huo mama, aliyekuwa mjamzito, alikwenda Suneka kwenye matanga ya shangazi yake. Mtoto hakutakiwa kuja hadi baada ya likizo, lakini aliamua mwenyewe. Uchungu ulimshika mama jioni, na wakiwa njiani kumpeleka Kisii mjini mtoto akazaliwa ndani ya gari, mvulana, mdogo mno. Baba alipigiwa simu akiwa shambani. Nakumbuka alivyosimama katikati ya michai na simu sikioni, kikapu kikiwa bado mgongoni, akiitikia "ee, ee," bila kuuliza lolote. Kisha akaketi chini, pale pale, kati ya mistari.

Kwetu mtoto aliyezaliwa njiani huitwa Makori, na sote tulijua ndilo jina. Lakini Magokoro alikataza lisitamkwe. Alisema jina halipewi mtu ambaye bado yuko mlangoni. Kwa hiyo nyumbani aliitwa "mgeni". Kanisani siku ya Sabato mzee wa kanisa aliombea "mama yetu aliye hospitalini pamoja na mgeni wake," na wanawake wakaitikia amina kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia katika maombi ya mvua.

Majuma yakapita. Baba alikuwa akienda Kisii na kurudi, na kila aliporudi aliulizwa swali moja: amekunywa? Jibu lilikuwa anakunywa kwa mpira wa puani, kidogo kidogo. Baba alijifunza kupika ugali wenye mabonge, nami nikajifunza kuula bila kusema kitu. Kisha asubuhi moja Magokoro alikuja amevaa gauni lake la kanisani na kilemba cheupe, ingawa haikuwa Sabato. Akamwambia baba anakwenda hospitalini kuwaleta nyumbani mama na mtoto. Baba akasema daktari hajawaachilia. Magokoro akasema tu kwamba atanichukua mimi, kwa sababu kule mjini watu huongea Kiswahili, na Kiswahili chake yeye kiliishia sokoni.

Hapo lazima niwaeleze jambo, la sivyo hamtaelewa kilichotokea. Katika lugha yetu, "baba" ni mama. Baba mwenyewe tunamwita "tata". Kila mtoto wa Kisii anayeanza shule hujikwaa hapo. Mimi niliwahi kuandika katika insha kwamba baba yangu ananyonyesha, na Mwalimu Moraa akaiwekea sentensi hiyo mviringo mwekundu na kucheka hadi akavua miwani.

Basi tulifika hospitalini, tukaelekezwa kwenye wodi ya watoto wachanga. Muuguzi aliyetupokea mlangoni alikuwa mama mrefu kutoka upande wa ziwani, Sista Achieng', mwenye sauti ya upole na mikono iliyonuka sabuni. Magokoro hakungoja tafsiri yangu.

"Mimi nataka baba ya mtoto," akasema kwa Kiswahili chake, "na mtoto. Twende nyumbani."

"Baba yake yuko wapi?" Sista akauliza, akitazama nyuma yetu.

"Iko ndani. Imelala kwa kitanda."

Sista akatutazama mmoja mmoja. Nikaona nisipoingilia, baba atatafutwa wodini hadi jioni. Nikamweleza. Akacheka polepole akiwa amejiziba mdomo, akasema amefanya kazi Kisii miaka mingi na bado anashikwa na hiyo baba.

Kisha akaacha kucheka. Alisema hawezi kuwaachilia, akatuonyesha ubao mweupe uliotundikwa kando ya mlango. Chini yaliandikwa majina ya kina mama, na mbele ya kila jina uzito wa mtoto. Juu kabisa, kwa kalamu nene ya bluu, paliandikwa neno la Kiingereza la uzito, kisha mdomo wa kifaranga, kisha kilo mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kwenda nyumbani.

Nilikitazama kile kifaranga kana kwamba nimekutana na ndugu ugenini. Lakini kilinitatiza. Darasani kila upande ulikuwa na namba yake. Hapa upande wa mdomo hapakuwa na namba, palikuwa na neno tu. Neno linawezaje kuwa kubwa kuliko mbili? Nikashuka kwa macho hadi kwenye jina la mama, Nyaboke, nikaona uzito wa mtoto wake ulikuwa haujafika. Hapo ndipo nikaelewa, nikiwa nimesimama na mkono wangu ndani ya mkono wa Magokoro, kwamba lile neno lilikuwa mahali pa wazi. Lilikuwa linamngoja kila mtoto alete namba yake, naye mdogo wetu alikuwa bado hajaleta.

Nikamwambia Magokoro kwa Kikisii. Nikamchorea alama ile kiganjani kwa kidole, nikamwonyesha mdomo uko wapi na ncha iko wapi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwambie watoto si majani chai. Mwambie mizani naijua kuliko yeye. Mwambie nataka mtoto alale kwao."

Ile ya majani chai niliona haya kuitafsiri. Ya mizani pia. Nikasema tu, "Anasema anataka mtoto alale kwao."

Sista Achieng' alimtazama Magokoro kwa namna ambayo sikuielewa, halafu akamshika mkono. "Mwambie nyanya aingie," akaniambia. "Wewe pia, lakini unawe mikono mpaka kwa kiwiko. Asimtoe bado. Kwanza amshike."

Mama alikuwa katika chumba cha pembeni chenye joto kama jiko la jioni. Alikuwa ameegemea mto, blauzi imefunguliwa, na juu ya kifua chake palikuwa na kitu chini ya leso ambacho mwanzoni nilidhani ni mkono wake. Alikuwa ndugu yangu. Alikuwa na kofia ya sufu iliyomzidi na uso wa mzee aliyeamshwa vibaya. Mama alijaribu kuketi wima amsalimu mama mkwe wake kwa heshima, akashindwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Sista akatueleza kwamba mtoto wa uzito ule bado hajui kujitunzia joto, analiazima kwa ngozi ya mtu, mchana na usiku, na mama amembeba hivyo hadi amechoka.

"Ngozi ya nani?" Magokoro akaniuliza.

Nikatafsiri swali. Sista akasema, "Yeyote anayempenda na ambaye hana homa."

Sasa, nyinyi msiotoka kwetu huenda msijue uzito wa jambo lililofuata. Sisi tuna chinsoni, adabu inayotenga kizazi cha wazazi na cha watoto, na mke wa mtu hawezi kuona mwili wa mama mkwe wake, wala mama mkwe kujifunua mbele yake. Magokoro alisimama akikitazama kile kitanda. Mama akaelewa kabla yetu sote. Alijifunika blanketi kichwani, akageukia ukuta, akampitisha mtoto nyuma yake kwa mkono mmoja, na Sista akampokea. Mimi ni mjukuu, na kati ya mjukuu na nyanya hakuna haya hiyo, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfungua vifungo vya gauni lake la kanisani. Vidole vyake havikuweza. Nilidhani ni uzee.

Mtoto alipowekwa kifuani mwake alikunja uso kana kwamba atalia, kisha akatulia. Magokoro alishusha kidevu hadi kikagusa ile kofia ya sufu, akafumba macho. Baada ya muda tukasikia mama akikoroma chini ya blanketi, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Sista alivyotuambia.

Sikurudi na Magokoro siku hiyo. Baba alikuja kunichukua, akamkuta mama yake amezungushiwa pazia, akaongea naye bila kumwona.

"Mama, si ulisema unakuja kuwachukua?"

"Nimebadilisha," sauti ikatoka ndani. "Nenda na Kerubo nyumbani. Msisahau kufungia kuku."

Akakaa huko. Walipokezana, mchana mama, usiku Magokoro, na kila walipobadilishana mmoja aligeukia ukuta. Tulipokuwa tukienda Jumapili nilimkuta amewajua kina mama wote kwa majina, akiwapangia nani ale nini. Kiswahili chake kilikua kuliko mtoto. Ajabu kubwa zaidi ni kwamba alipatana na mizani. Kila asubuhi mtoto alipopimwa alisimama hapo, akitazama, na mimi nikifika tu ananivuta hadi kwenye ubao wa mlangoni. "Soma," angesema. Nami nasoma namba mpya. "Mdomo umefunguka?" Nasema bado. "Haya," angesema, na kurudi kwake nyuma ya pazia.

Nyumbani nilimhesabia mgeni wetu shambani, jikoni, hata kanisani, nikiandika kwa kidole kwenye goti ile mbili na ile alama, na upande wa kushoto nikiacha wazi. Mwalimu Moraa aliona madaftari yangu yamejaa alama zisizo na namba upande mmoja. Aliniuliza kulikoni, nikamweleza. Badala ya kunikosoa alichukua chaki, akaandika ubaoni alama ile ile, mbili upande wa kulia na nafasi tupu upande wa kushoto, akauliza darasa zima ni namba zipi zinaweza kukaa pale. Watoto wakataja tatu, kumi, mia. Mmoja akasema elfu moja. "Zote zinaingia," akasema mwalimu. Nilikuwa sitaki elfu. Nilitaka kidogo tu.

Kisha simu ikaja kwamba tulete nguo. Baba aliazima gari la jirani, mimi nikapiga pasi leso mpya. Tulifika tukamkuta Sista Achieng' mlangoni akitabasamu. Mtoto alikuwa amefika kilo mbili asubuhi hiyo, ananyonya mwenyewe kwa nguvu, na daktari amekubali aende. Mama alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Lakini Magokoro alikuwa ameketi kitandani, gauni amelifunga, mtoto kifuani, na hakuonyesha dalili ya kuinuka.

"Kerubo," akaniita. "Ule mdomo uko upande gani?"

"Upande wa mtoto."

"Na mtoto leo ni ngapi?"

"Mbili."

"Mbili na mbili. Umefunguka?"

Nikafikiri. Baba alikuwa akinitazama, funguo za gari mkononi. "Haujafunguka," nikasema. "Ni sawa tu."

"Basi mwambie Sista. Sawa bado si zaidi."

Sikuhitaji kutafsiri, Sista alikuwa ameelewa. Akachuchumaa mbele yake. "Nyanya, daktari amekubali. Huyu mtoto iko sawa kabisa. Hiyo ya ubao ni kitu ya kutuongoza tu."

"Nimeskia," Magokoro akasema. "Na nimeshukuru. Lakini Nyaramba iko baridi. Njia iko mbali. Nipe kidogo juu."

"Kidogo gani?"

"Kidogo tu. Kitu ya kupita."

Baba akasema gari si letu na mwenyewe analingoja. Magokoro akamjibu kwa Kikisii, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia kwake, kwamba kama ni gari, arudishe gari. Mama, ambaye alikuwa na haki kuliko sote ya kuitaka nyumba yake, akafungua mzigo, akatoa leso, akaitandika tena kitandani. Sista Achieng' akaenda kumwona daktari. Aliporudi alisema wodi ina nafasi, wanaweza kukaa.

Tukarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi niliona Magokoro amepitiliza, kwamba ni ule ugomvi wake na mizani umepata pa kutokea.

Walikuja nyumbani juma lililofuata, mtoto akiwa amevuka. Si kwa kingi. Magokoro alishuka garini wa kwanza, akasimama mlangoni mwa nyumba yetu, akampokea mtoto kwa mama na kumwita kwa sauti, ili migomba na majirani wote wasikie: Makori. Wanawake wakapiga vigelegele. Leo Makori ana mabega ya fundi wa mawe, na lazima ainame kuingia jikoni mwa mama.

Magokoro alifariki nikiwa chuoni. Siku moja baada ya mazishi nilikuwa nikichuma chai na mama, nikamkumbusha kwa mzaha jinsi mama mkwe wake alivyobishana na ubao. Mama hakucheka. Aliendelea kuchuma kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo mwenyewe aliambiwa na Magokoro katika chumba kile chenye joto, akiwa amegeukia ukuta, maana kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasema akitazamwa.

Kabla ya baba yangu, Magokoro alizaa mtoto mwingine, mdogo kama Makori. Walimpeleka hospitali moja ya mbali, na zama zile mama hakuruhusiwa kuingia walikowekwa watoto. Alikaa nje kwenye nyasi, maziwa yakimtoka, akiambiwa ngoja. Siku ya tatu aliambiwa arudi nyumbani. Mtoto alikuwa amekufa, na watu wa hospitali walimzika wao wenyewe. Hakuwahi kumshika.

Kwa hiyo asubuhi ile alipovaa gauni la kanisani, hakuwa amekwenda kumwokoa Makori na mizani. Alikuwa ameshakata tamaa. Alitaka tu mama yangu ampate mtoto wake mikononi, nyumbani, kabla mtoto hajaondoka duniani. Aliposema mtoto alale kwao, hakumaanisha usingizi. Mimi nilitafsiri neno lenyewe bila kujua nimebeba nini, na Sista Achieng', mgeni katika lugha yetu, alilisikia vizuri kuliko mimi.

Sasa ninafundisha hesabu, na kila mwaka huja siku ya kuandika alama ile ubaoni. Watoto huielewa upesi, kama nilivyoielewa. Huwaambia kwamba haisemi kimezidi kwa kiasi gani, chembe inatosha. Sijawahi kuwaeleza zaidi ya hapo. Lakini mara nyingine nikiwa nawapa kisogo humwona mwanamke aliyekwenda kuchukua mtoto wa kuzika, na ambaye, baada ya kumbeba kifuani usiku baada ya usiku, alijikuta ameanza kumtaka awe hai. Maisha yalikuwa yamemfundisha kupokea pungufu, na siku ile alipewa sawa. Akakataa kuinuka. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumwomba mtu yeyote duniani zaidi, na alikuwa akiogopa kama siku ile vifungo vya gauni vilipomshinda, lakini aliomba.